Gari Halikati Kona: Kutafuta Chanzo Unapoanza Need for Speed Heat

Malalamiko ya vibanda vya gemu hapa Dodoma yanafanana, uwe Majengo, Nkuhungu au huko karibu na chuo. Kijana amezoea mpira kwenye PS4, siku hiyo anaamua kupumzisha mpira na kuomba awekewe Need for Speed Heat. Anapewa gari la kwanza, anakanyaga mafuta, na kona ya kwanza inamkuta ukutani. Kona ya pili gari linageukia lilikotoka. Ya tatu anaweka pedi mezani na kumgeukia mwenye kibanda: "Kaka, hili gemu bovu. Gari zito kama lori la mtama!"

Gemu si bovu, ingawa lina ukaidi wake na nitausema bila kuuficha. Tatizo ni kwamba maneno mawili, "gari zito", yanabeba hitilafu nne au tano zisizohusiana kabisa. Moja iko kwenye TV. Nyingine iko kwenye pedi. Nyingine iko kwenye vidole vilivyozoea magari mengine, na nyingine iko gerejini, kwenye vipuri vilivyofungwa bila mpango. Ukianza kubadilisha vipuri wakati mwenye kosa ni TV, utamaliza hela zote za ndani ya gemu na kona zitabaki vilevile. Kwa hiyo tunakwenda kwa dalili, tukianza na zile ambazo hazigharimu chochote kuzipima.

Heat lilitoka tarehe 8 Novemba 2019, kazi ya Ghost Games ya kule Gothenburg, Uswidi, kwa ajili ya PS4, Xbox One na kompyuta. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa ndugu zake wa karibu, lakini mifano yangu ni ya Heat kwa sababu ndilo lililojaa kwenye PS4 nyingi ninazoziona mjini.

Kabla ya yote chagua kona moja. Iwe karibu na gereji unayoanzia, ambayo unaweza kuirudia bila mbio, bila polisi na bila kushindana na mtu. Kila unapobadilisha kitu rudi pale pale, kwa mwendo ule ule. Na badilisha kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vinne kwa mpigo hajui kipi kilimsaidia na kipi kilimharibia.

Unakunja sasa, gari linakunja baadaye

Hii ndiyo dalili inayosingiziwa gemu kuliko zote. Unasukuma stiki kushoto, panapita muda mfupi kama vile gari linafikiria, ndipo pua inaanza kugeuka. Ukishaona inageuka unarudisha stiki, nayo inaendelea kugeuka. Unajikuta unayumba kulia na kushoto barabara nzima hata mahali paliponyooka.

Kipimo chake ni rahisi. Simamisha gemu, ingia kwenye menyu, bonyeza mshale chini, juu, chini, huku ukiangalia alama inayohama kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kama alama nayo inachelewa kufuata kidole, basi gari halina hatia. Menyu haina matairi wala injini. Kinachochelewa ni TV.

TV za kisasa hazionyeshi picha kama ilivyoingia. Zinaisafisha, zinaikoleza rangi, na nyingine zinatunga picha za katikati ili filamu ionekane laini. Kazi hiyo inakula muda. Kwa tamthilia haina neno, maana hakuna anayebonyeza kitu. Kwenye gemu ya mbio hesabu yake ni hii: gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa linapita karibu mita 56 kila sekunde. TV ikichelewesha picha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limeshasogea zaidi ya mita tano na nusu kabla jicho lako halijaletewa habari. Hapo ndipo ukuta unapotokea.

Dawa iko kwenye rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali iliyoandikwa Game, iwashe. Rangi zitapooza kidogo na mwenye kibanda anaweza kunung'unika kwamba TV yake mpya imefifia, lakini mshawishi ajaribu kona ile ile mara moja tu. Kama TV haina hali hiyo, zima kimoja kimoja kila kinachojidai kulainisha mwendo wa picha. Kwenye baadhi ya TV, ukiipa njia ya HDMI jina la PC, usafishaji mwingi unaachwa wenyewe.

TV ya chogo ina hadithi yake. Yenyewe haina uchelewaji wa kuzungumzia, na wazee wa gemu wanaisifia kwa haki. Lakini PS4 inatoa picha kwa HDMI tu, kwa hiyo ili uitumie chogo lazima upitie kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Viboksi vya bei ya chini vingine vinachelewesha picha, na vyote vinaifanya iwe na ukungu kiasi kwamba kona ya usiku huioni mpaka umeshaingia. Kama huna njia nyingine chezea mchana wa ndani ya gemu, ambako barabara inaonekana mbali.

Sauti nayo iangaliwe. Mlio wa tairi ndio unaokuambia kwamba gari limeanza kuachia lami, mara nyingi kabla hujaiona kwa macho. Sabufa iliyounganishwa kwa waya inafika kwa wakati. Iliyounganishwa kwa bluetooth inakuja nyuma, na mlio utausikia ukiwa umeshapinduka.

Kuna sehemu moja ya uchelewaji huu ambayo hutaiondoa. Heat kwenye PS4 na Xbox One linakwenda fremu 30 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa kama milisekunde 33 kabla ya inayofuata. Gemu lenye fremu 60 linakupa picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Aliyetoka kwenye Gran Turismo Sport, ambalo lilikimbiza fremu 60 kwenye PS4 hiyo hiyo, atauona uzito huo mara moja na hatakuwa amekosea. Dawa yake ni kuanza kukunja mapema kidogo, na mikono inazoea upesi kuliko unavyodhani.

Kwenye laptop mambo yanageuka. Pale fremu si 30 thabiti bali zinapanda na kushuka, na kushuka ndiko kunakoharibu usukani kuliko uchache wenyewe. Shusha ubora wa vivuli na wa mwangaza kwanza, halafu ndipo uguse ukubwa wa picha. Laptop ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na Oktoba ya Dodoma chini ya bati si rafiki wa laptop. Kama gemu ni zuri dakika za mwanzo kisha "linakuwa zito" baadaye, usiguse mpangilio wa gari. Inua laptop ipate hewa chini, na ikiwa ni ya muda mrefu mpelekee fundi aifungue na kutoa vumbi kwenye feni.

Gari linavuta upande mmoja bila kuguswa

Achia stiki kabisa kwenye barabara iliyonyooka. Kama gari linaegemea upande mmoja, au kamera inazunguka yenyewe, pedi imechoka. Ndani ya stiki ya pedi ya PS4 kuna vipande vidogo vinavyopima stiki imelala wapi, navyo vinasagika kwa matumizi. Pedi ya kibanda inachezewa mpira asubuhi hadi usiku, na kwenye mpira stiki ya kushoto ndiyo inayoteswa. Ndiyo hiyo hiyo unayoitegemea kuwa usukani.

Vumbi letu linachangia. Kuanzia Mei mvua zikishakata, upepo unapeperusha udongo mwekundu unaoingia hata kwenye kabati lililofungwa, sembuse pedi iliyo wazi mezani. Wakati mwingine kupuliza kuzunguka shina la stiki na kuizungusha mara nyingi kunairudisha kwa muda. Ikirudia, ni ya kufunguliwa na fundi au kubadilishwa. Kipimo cha haraka ni kuomba pedi ya pili. Dalili ikihama na pedi umeshapata jibu.

Angalia pia kitufe cha R2, ambacho ndicho mafuta. Kitufe hiki kinapima umekibonyeza kiasi gani. Kikilegea, unakibonyeza hadi mwisho na gemu linaona robo tatu. Gari litaonekana halina nguvu, utakimbilia kununua injini, kumbe kidole chako hakifiki.

Ukiachia mafuta kwenye kona, mkia unatoka

Hapa ndipo penyewe. Kama ungenipa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu kwa kila anayeanza Heat, ningerekebisha hiki, kwa sababu kinawaadhibu zaidi wale wanaoendesha kwa busara.

Dalili: unaingia kona kwa kasi ya wastani, unapunguza mafuta kama mtu mzima yeyote angefanya, unayarudisha ili utoke, na ghafla nyuma ya gari inafyatuka kuelekea nje. Hukuomba drifti, yaani gari kuteleza kiubavu. Unajaribu kulinyoosha, linafyatuka upande wa pili, unamaliza ukiwa umetazama ulikotoka.

Chanzo ni kwamba uliomba drifti bila kujua. Gemu za mbio za mtindo huu hazimwachii mchezaji atafute mwenyewe mahali tairi linapoachia lami, maana kwa pedi na mbele ya kioo ni kazi ngumu. Zinasubiri ishara, na zikiipata zinautoa mkia zenyewe kisha zinakusaidia kuushikilia. Katika Heat, ishara iliyowekwa tangu mwanzo ni mafuta: kunja, achia R2, kanyaga tena. Mfuatano huo ndio ule ule wa dereva mwangalifu kwenye kona. Gemu haliwezi kusoma nia yako, linasoma vidole tu.

Hawakuizua wao. Ridge Racer ya Namco, iliyoingia kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1993 na kuja kwenye PlayStation ya kwanza mwaka uliofuata, ilikuwa na desturi hiyo hiyo ya kuachia mafuta, kukunja na kukanyaga tena. Baadaye wengine wakahamishia ishara kwenye breki. Need for Speed: Hot Pursuit ya 2010, iliyotengenezwa na Criterion, ilikuwa ya kugusa breki kidogo gari likalala. Kwa hiyo aliyekulia kwenye ile ya 2010 akija Heat anagusa breki akitarajia drifti, hapati, kisha anaachia mafuta bila kuitarajia, anaipata. Vidole vyake havina kosa, vimefundishwa lugha nyingine.

Rekebisho lipo ndani ya gemu na halihitaji gereji wala hela. Ukiwa unazurura barabarani, nje ya mbio, bonyeza mshale wa kulia kwenye pedi. Itafunguka orodha fupi ya kurekebisha gari likiwa linatembea. Utakuta namna ya kuanzisha drifti ikiwa kwenye mafuta, ihamishie kwenye breki. Ndani ya orodha hiyo kuna pia wepesi wa usukani, mgandamizo wa upepo, na kizuizi cha tairi kuzungukia mahali pamoja. Kizuizi hicho kiache kimewashwa kwa sasa.

Rudi kwenye kona yako. Achia mafuta, yarudishe. Mkia unapaswa kukaa mahali pake. Kwa wachezaji wengi ninaowaona, habari ya "gemu bovu" inaishia hapa, na sielewi kwa nini watengenezaji hawakuuliza swali hili mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuchagua gari. Huo ndio ukaidi niliousema.

Ila jua unachokipa kisogo. Ukiwa kwenye breki, kila utakapokanyaga breki huku umekunja, gari litalala. Kwa hiyo breki zote zikanyagwe stiki ikiwa katikati, gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Ukishaanza kukunja, breki iwe ya makusudi. Wanaotaka kudrifti usiku kucha wanaweza kubaki na mafuta. Kwao ile tabia ni faida.

Kasi kubwa, gari linagoma kukata

Hii inafanana na ile ya uchelewaji wa TV kwa macho, lakini si yenyewe. Pale gari linachelewa kisha linatii. Hapa linatii papo hapo ila kidogo mno: stiki umeilaza hadi mwisho na pua inaendelea kwenda mbele, ukutani.

Sehemu ya jambo hili ni maumbile. Kwa mshiko ule ule wa matairi, ukiongeza kasi mara mbili, kona inahitaji upana mara nne. Gari halisi la michezo lenye matairi mazuri, likienda kilomita 100 kwa saa, linaweza kuzunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 80. Likienda 200 linahitaji zaidi ya mita 310. Dereva wa basi anayeteremka Sekenke anaijua hesabu hii bila kalamu, ndiyo maana anashuka gia juu kabisa kabla ya kona ya kwanza. Gemu za aina hii hulegeza sheria hiyo, haziifuti.

Kwa hiyo jiulize kwanza: ulikanyaga breki? Wengi wanadhani gemu ya mtaani ni ya kukanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Kona pana pita na mafuta, kona ya kati achia kidogo (sasa unaweza, umeshahamisha ishara ya drifti), kona ya pembe mraba piga breki ukiwa bado umenyooka. Njia nayo ina maana. Ingia ukiwa upande wa nje, gusa ndani katikati ya kona, toka nje tena. Anayeingia akiwa amebana ndani anajifanyia kona kuwa kali kuliko ilivyo.

Kama breki unakanyaga na bado, fungua ile orodha ya mshale wa kulia. Ongeza mgandamizo wa upepo. Huu ni uzito ambao upepo unaugandamiza juu ya gari likiwa kwenye kasi, na matairi yaliyogandamizwa yanashika zaidi. Utapoteza kidogo kasi ya juu kwenye barabara ndefu. Kubali. Mbio nyingi za Palm City, mji wa ndani ya gemu, zinashindwa kwenye kona, na aliyegonga ukuta mara mbili haokolewi na kilomita kumi za ziada mbele. Kisha ongeza wepesi wa usukani, hatua kwa hatua. Ukifika mahali gari linaanza kutetemeka kushoto na kulia barabara ikiwa imenyooka, umepitiliza, rudi nyuma hatua moja.

Na nitro, ile ya kuongeza kasi ya ghafla! Usiifungulie katikati ya kona gari likiwa bado linapigania kugeuka, maana inaisukuma pua mbele kule kule ilikokuwa inakataa kutoka. Subiri magurudumu yanyooke.

Unagongana uso kwa uso na magari ya watu

Palm City imechorwa kwa mfano wa Miami, na Marekani wanaendesha upande wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Ukitoka kwenye kona kwa kasi, kichwa hakipati muda wa kuchagua, kinakupeleka upande ulioukulia, na huko ndiko magari yanakotokea. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hili. Chagua kamera ya nyuma ya gari, ile ya mbali, uone mbele zaidi, na kila ukitoka kona jiambie kulia mpaka mkono uzoee.

Jana gari lilikuwa zuri, leo halieleweki

Uliingia gereji kati ya jana na leo. Hiyo ndiyo sababu, karibu kila mara.

Magari matatu ya kuanzia ni Nissan 180SX ya 1996, BMW M3 ya 1988 na Ford Mustang ya 1965. Yote matatu yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo yote yanapenda kutoa mkia. Kati ya hayo BMW ndiyo ninayompa mgeni bila kusita, imetulia. Mustang ni nzuri kwa macho na inachosha mikono. Mtu akija ananiuliza Crown au Mark X iko wapi, jibu ni kwamba Toyota haimo kwenye gemu hili hata moja. Kwa mji uliojaa IST kama huu ni pigo, lakini Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer zipo, na magurudumu yao yote manne yanavuta, jambo linalotuliza sana tabia ya mkia.

Sasa vipuri. Gerejini utaona mraba wenye nukta inayohama. Mhimili mmoja unakwenda kutoka mbio hadi drifti, mwingine kutoka lami hadi nje ya lami. Vipuri vinavyoisogeza ni sapensheni, matairi na difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu), na kila kimoja kinauzwa kwa aina. Anayeanza anaona kipuri kina bei kubwa na namba kubwa, anafunga. Matokeo yake gari lina matairi ya drifti, sapensheni ya vumbi na difu ya mbio. Kila kipuri kinavuta upande wake na nukta inasimama katikati, mahali ambapo gari halifanyi chochote vizuri.

Tazama nukta kabla ya kutazama namba. Kama unataka gari la kukata kona kwenye lami, nukta iende kona ya mbio na lami, na kipuri chochote kinachoitoa hapo kiache dukani hata kama kinang'aa. Matairi ndiyo yanayosogeza tabia kwa namna utakayoihisi haraka, kwa hiyo yaanze hayo. Injini kubwa ije mwisho. Wengi wanafanya kinyume: wanafunga injini yenye nguvu maradufu kwenye gari lenye matairi ya dukani, kisha wanashangaa kwamba kila wakigusa mafuta nyuma inazunguka.

Mbio za vumbi zinahitaji gari la pili. Ukijaribu kufanya gari moja lifae kote utarudi kwenye nukta ya katikati.

Drifti haidumu, gari linazunguka lote

Hapa geuza baadhi ya niliyosema juu. Nukta iende upande wa drifti, kizuizi cha tairi kuzunguka kizimwe, mgandamizo wa upepo upunguzwe. Mkia ukishatoka, acha kulazimisha stiki hadi mwisho upande mmoja. Pembe inashikiliwa kwa mafuta: ukiona gari linataka kuzunguka lote achia kidogo, ukiona linanyooka kanyaga. Breki ya mkono ni ya kuanzishia kona kali tu. Ukiivuta katikati ya drifti kasi inakwisha na alama zinakatika.

Kibodi

Kibodi haina nusu. Kitufe ama umekibonyeza ama hujakibonyeza, kwa hiyo kila kukunja ni kukunja hadi mwisho. Shusha wepesi wa usukani badala ya kuupandisha, na kata kona kwa kugusagusa kitufe badala ya kukishikilia. Pedi ya bei ya chini ya USB itakusaidia kuliko mpangilio wowote, mradi vitufe vyake vya mafuta vipime kiasi cha kubonyezwa.

Usiku tu ndiyo linakataa

Kama mchana kona zote unakata na usiku unashindwa, usiguse mpangilio wa gari. Usiku wa Heat una polisi, na polisi wanagonga nyuma ya gurudumu lako la nyuma ili wakuzungushe. Huo mzunguko si wa usukani wako. Gari likiumia, pita katikati ya kituo cha mafuta, litatengenezwa papo hapo, lakini mara tatu tu kwa usiku mmoja. Ukiwa bado unajifunza kona, fanya mbio za mchana, ambazo ndizo zinazolipa hela. Sifa, ambazo zinapatikana usiku, zitasubiri.

Ulirekebisha kila kitu, umerudi leo yote yamepotea

Hii ni ya kibandani peke yake. Mnacheza watu wengi kwenye akaunti moja, mwenzako amekuja jioni, ameona drifti "haishiki", ameirudisha kwenye mafuta na kuuza matairi yako. Mwombe mwenye kibanda akufungulie jina lako kwenye PS4, ni kazi ya dakika chache na gemu litahifadhi maendeleo yako peke yako. Akikataa kwa sababu ya nafasi kwenye diski, basi kila ukikaa, kabla ya kuanza mbio yoyote, bonyeza mshale wa kulia uangalie mambo matatu: drifti iko kwenye breki, mgandamizo uko juu, kizuizi kimewashwa. Halafu chungulia rimoti, maana mteja wa tamthilia naye anaweza kuwa ameizima ile hali ya gemu.